Betri, Pazia na Usingizi wa Babu

Uani, nyuma ya karakana ya Baba,
Nyumba yenye geti la kijani lisilofungika.
Jumapili, tarehe 14, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Anayekuandikia barua hii ni fundi ambaye umeme wenyewe ukimwona unasimama wima na kumwamkia. Usicheke. Katika ukoo wetu wote, waliokufa na walio hai, hakijawahi kuzaliwa kichwa kama hiki changu, na kama kilizaliwa basi kilijificha vizuri sana. Sasa nimeshajitambulisha. Shikamoo.

Hujambo huko? Magoti yako yanaendeleaje? Nimesikia siku hizi unapanda ngazi bila kumtukana mtu, nikajua nafuu imepatikana. Huku sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la mbao. Baba anasema ni mafua, Mama anasema ni Baba. Mimi ni mzima kupita kiasi, nakula mpaka wananifichia sufuria.

Barua yako tumeipata. Baba aliisoma kwa sauti mezani, na alipofika pale ulipoandika, "Huyo kijana asimguse baba yangu na nyaya zake, mzee abaki nyumbani," akanitazama juu ya miwani. Mdogo wangu Kidomo alicheka hadi chai ikamtokea puani. Nilingoja wamalize, nikaikunja barua yako, nikaitia mfukoni. Ninayo hapa. Naijibu mimi, si Baba, na jibu lenyewe ni fupi: tunakuja.

Tunakuja, Shangazi, utake usitake. Babu ana miaka tisa hajakuona. Ukimpigia simu, ukikata, yeye bado anaishika sikioni kidogo, kama vile umesahau kusema kitu na utarudi. Wewe unasema utakuja siku akizidiwa. Akishazidiwa uje kuongea na nani?

Tena daktari hakumkataza. Nilimpeleka mimi mwenyewe, kwa hiyo usiniletee habari za kusikia. Alisema mzee anaweza kwenda popote, ila kila anapolala lazima ile mashine ya kumpulizia hewa iwe puani na iwe inafanya kazi. Bila hiyo pumzi inakatika katikati ya usingizi, anashtuka, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Basi. Safari ni siku tatu, maana hawezi kukaa garini zaidi ya saa nne kwa siku. Kwa hiyo tunalala njiani mara mbili, na nyumba za wageni amezikataa zote. "Umeme wao ukikatika je?" anauliza. Hiyo ndiyo sababu anayoitoa mdomoni. Sababu ya moyoni ni kwamba hataki mtu amwone na ule mpira puani. Kidomo alimwona mara moja akamwita tembo. Tangu siku hiyo mzee analala na mlango umetiwa ufunguo.

Ndipo hii akili yangu kubwa ikaliona trela.

Unalikumbuka? Lile dogo la kulala kambini, lililokuwa la wapima barabara, Baba akalinunua na kulisahau. Miaka mitano kuku wametagia humo. Ndani ni mita tatu kwa mbili: kitanda huku, kitanda kule, na katikati nafasi ya mtu mmoja kugeuka, tena awe amevuta tumbo. Madirisha yalikuwa uchi kabisa. Ukivua shati humo ndani, mtaa mzima unakuhesabu mbavu.

Nikachukua daftari langu la shule, lile la historia, maana kurasa nyingi zilibaki safi. Ukurasa mmoja nikaandika SIRI YA MZEE, wa pili nikaandika NGUVU.

Kwa upande wa siri, Mama ameshona mapazia mazito yenye kitambaa cheusi nyuma. Pindoni ametia sumaku ndogo ndogo, yanajibana kwenye fremu, upepo uvume unavyotaka hayafunuki. Baba ametengeneza kizuizi cha plaiwudi kinachoteleza kwenye reli na kulikata trela vipande viwili. Nyuma Babu, mbele mimi. Baba, Mama na Kidomo watalala kwenye hema nje, na Kidomo ameonywa kwamba akitamka jina la mnyama yeyote safarini anarudi kwa miguu.

Baba alikuwa ameacha tundu dogo kwenye kile kizuizi. Babu akaja kukagua, akaligonga kwa fimbo.

"Na hili la nini?"

"La kukuchungulia, Baba, kama uko salama."

"Kwani mimi ni sinema?"

Tundu likazibwa siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyeshika msumari, na nilicheka kuliko wote.

Nguvu sasa. Trela lilikuja na betri moja ya gari, kuukuu, imevimba mbavu. Nikaenda kwa fundi betri wa mtaani kwetu, tunamwita Mzee Asidi kwa kuwa hana suruali isiyo na matundu. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka nywele.

"Bwana mdogo, wewe si ndiye uliyekimbia hesabu?"

Nikamwambia, "Sikuikimbia, mzee wangu. Yenyewe ndiyo iliyonikimbia, na leo nimeikamata."

Nikamfungulia daftari. Mashine ya Babu inakula wati arobaini. Zidisha kwa saa nane, mia tatu na ishirini. Feni ndogo na taa nimezipa themanini. Jumla mia nne kwa kila usingizi. Betri ya gari ukiinyonya chini ya nusu unaiua, kwa hiyo haifai. Nataka ya lithiamu, ya ampea mia, ambayo ina kama elfu moja na mia mbili. Babu analala mara mbili bila sisi kuliona jua na bado chenji inabaki. Juu ya paa paneli ya sola ya wati mia mbili. Tukiwa barabarani gari la Baba linaichaji betri kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Mzee Asidi akaazima miwani ya mteja, akasoma upya kutoka juu. Halafu akauliza, "Nani kakuandikia?"

Hiyo ndiyo digrii yangu, Shangazi. Itafutie msumari uitundike sebuleni kwako.

Betri mpya ameshaniagizia, inafika wiki ijayo, na mimi nambebea mizigo dukani kwake mwezi mzima. Paneli imeshapanda juu ya paa, nimeifunga kwa boliti nane mahali ambapo nne zingetosha, ili mtu asiseme. Maana maneno hayakosekani. Dereva wa lori wa nyumba ya jirani aliegemea ukuta akaniambia, "Mtamzika njiani huyo mzee." Nikamwambia akaoshe lori lake, lina tope tangu halijalipwa kodi. Nimechoka na watu wanaomwangalia Babu wakaona mtu wa kukaa kwenye kiti mpaka mwisho. Anajua kutembea. Anajua kutukana. Ana hamu na binti yake. Huyo ni msafiri mzima.

Jumatano tulifanya jaribio, mchana, kwa ile betri kuukuu, maana usingizi wa Babu wa mchana ni mtamu kuliko wa usiku. Nilimfungia mapazia yote, nikavuta kizuizi. Alikaa humo karibu saa nzima. Alipotoka Baba akamwuliza hali. Akajibu mbele ya watu wote, "Nimelala kama mtoto." Mama akapiga makofi. Baba akanishika bega, na unajua Baba hanimwagii sifa.

Basi jiandaeni. Tunaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Msalimie mumeo, mwambie atutengee uwanja wa mita tatu kwa mbili mbele ya nyumba, na kama kuna maua yake hapo ayaage mapema. Msalimie na binamu yangu Kifutio, mwambie nakuja kumfunga goli tano na akatae kama anaweza. Mama anakusalimu, amekushonea foronya kwa vipande vilivyobaki, nyeusi kama msiba, lakini pokea. Baba anakusalimu. Kidomo anakusalimu, ametubu kiasi.

Na Babu anakusalimu.

Hapa kalamu imegoma, Shangazi. Nimeinuka mara mbili kwenda kunywa maji na sina kiu.

Ya Jumatano sikukuandikia yote. Kile kisanduku kinachobadili umeme wa betri uwe kama wa ukutani kina kengele yake, betri ikikaribia kuisha kinalia. Tulipokiwasha kililia mara moja, Babu akanong'ona kwa hasira, "Unataka mtaa mzima ujue nalala?" Nikachukua koleo nikakata waya wa kengele. Hakuna aliyeniambia niukate. Halafu nikamfungia, nikatoka nje kumwonyesha yule dereva wa lori paneli yangu, ambayo ilikuwa bado haijaunganishwa na betri. Nikasimama pale najisifu, sijui ni kwa muda gani. Betri ilikufa. Mashine ikazima bila sauti, na tundu la kuchungulia nilikuwa nimelipigilia mwenyewe.

Nilichosikia ni teke kwenye plaiwudi. Nilipovuta kizuizi Babu alikuwa amekaa kitandani, ameung'ang'ania ule mpira kwa mikono miwili, midomo imepauka, anavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Nilidhani anakufa mbele yangu. Sauti ilipomrudia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Funga pazia, wasione." La pili alinishika kola akasema, "Wakijua, siendi kwa mwanangu." Kisha akafuta uso, akavaa viatu, akatoka kumwambia Baba kwamba amelala kama mtoto.

Kengele nimeirudisha, nimeurefusha waya wake mpaka kwenye mto wangu, na tundu nimelifungua. Babu ameliona, hajagomba. Kesho asubuhi nampeleka tena kwa daktari, na kabla ya hapo nawaambia Baba na Mama. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekataa. Ukisema tusije, safari hii sitabisha. Lakini mwambie Babu wewe mwenyewe, kwa simu, mimi siwezi kumwambia.

Sikuwa nimelala wala sikuwa mbali. Nilikuwa hatua sita kutoka mlangoni, nawasifia watu akili zangu.

Mungu akupe magoti mepesi, na akulindie pumzi yako na ya baba yako.

Wako akupendaye, hata ukinichukia wiki hii,

Mwana wa kaka yako,
fundi, lakini bado.