Majani Yaliyofanana na Kunde

Euless, Texas
Jumapili

Mama,

Magoti yanaendeleaje? Na dawa ya presha, unaimeza mwenyewe au bado unawagawia majirani? Huku joto limetukalia, lakini tunaenda kazini.

Juzi niliendesha gari hadi Missouri City kumwona mwanao Mutua. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekata majani yaliyokuwa yamepanda mti na kuyalundika chini ya dirisha la binti yake Mwende. Kiberiti kilikuwa mkononi. Akaniambia ni kunde mwitu, anasafisha kiwanja kama ulivyotufunza.

Kweli yalifanana na kunde, vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Lakini kunde gani, Mama, hukwea mti kwa shina gumu lenye manyoya, na mahali pa maganda huzaa vitunda vyeupe? Nilishasoma habari za mmea huo. Ukiugusa, ngozi hutoka malengelenge. Ukiuchoma, sumu hupanda na moshi hadi mapafuni. Na mjukuu wako, mwenye pumu, alikuwa amelala, dirisha wazi.

Nilimweleza yote hayo. Akacheka, akasema nimebishana na mchungaji, nikabishana na daktari wa meno, sasa nimefikia magugu. Ndio watu wetu hawa! Wananunua nyumba, wanakutajia bei ya kila kigae, na hawajui hata mmea mmoja unaoota hatua chache kutoka kitanda cha mtoto. Nikamwambia hivyo hivyo, majirani wakisikia. Akawasha njiti.

"Dada, toka hapo."

"Choma basi," nikasema, nikaketi juu ya lundo, mikono ndani ya majani.

Akanitazama mpaka moto ukamfikia kidole. Akaitupa njiti chini, akaikanyaga, akampigia simu mkewe kazini kunishtaki. Syombua ni nesi, unamjua, hapotezi maneno. Alimuuliza majani yakoje, shina likoje. Kisha nikamwona ndugu yangu akikimbia ndani kufunga dirisha.

Mikono yangu sasa imejaa malengelenge hadi kwenye viwiko, na nimeandika barua hii kwa siku mbili. Mwende anapumua vizuri.

Nisalimie shangazi wa sokoni, na mjomba fundi wa baiskeli, mwambie sijasahau ubishi wetu.

Mutua atakupigia akuambie nilimtukana nyumbani kwake, mbele ya majirani. Ni kweli, Mama. Usimkatize, mwache amalize.

Ni mimi binti yako,
Ndunge