Nyumba ya Mwalimu Inasemaje

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Na mwanangu Neema anakusikiliza, au amekuwa bibi kuliko wewe? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Ningepiga simu ningeishia kulia tu, ndiyo maana naandika.

Hiki kijiji nilichopangiwa kufundisha kiko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Ukisimama nyuma ya shule unaiona milima ya mawe ya Masasi kule chini. Ni kakijiji kadogo mno, lakini usikadharau, zamani kalikuwa nchi. Wazee wao walipanda huku kuwakimbia wakamata watumwa, wakakubaliana hakuna atakayekuwa mkubwa wa mwenzake. Mjerumani alipokuja kuuliza mtawala ni nani, kila mwenye nyumba alijibu, "Mimi." Akashindwa amshike nani. Jambo likitokea, kila nyumba inaulizwa, na nyumba moja ikikataa, jambo limekufa. Mpaka leo ndivyo wanavyofanya.

Nami nilijiingiza bila kujua. Siku niliyofika kiberiti kilikuwa kimelowa, nikaomba makaa kwa jirani yangu, Mama Salima. Kumbe kwao ukishawasha jiko kwa moto wa hapa, nawe umekuwa nyumba ya kuulizwa.

Sasa sikia. Wametakiwa na serikali waungane na kijiji kikubwa cha jirani, wawe kitongoji chake na jina lao life, ndipo bomba la maji lifike. Huku juu hakuna kisima. Wanawake wanateremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Juzijuzi Mama Salima aliteleza na mimba yake. Mtoto hakupona.

Mkutano ukakaa. Mzee Nandonde, aliyewazidi wote umri, akauliza nyumba baada ya nyumba. "Tumekubali." "Tumekubali." Wanaume wanatazama chini, wanawake wananitazama mimi. Nikabaki wa mwisho.

"Na nyumba ya mwalimu inasemaje?"

Mama, nilitaka kusema mimi mgeni, niacheni. Lakini Mama Salima alikuwa mbele yangu, tumbo kalifunga kanga. Nikasema, "Tumekubali."

Mzee Nandonde akanikazia macho. "Mwalimu, sisi tulikubali tukijua wewe utakataa. Habari za wazee wetu si unawafundisha watoto wewe mwenyewe?"

"Sasa babu, mbona hukukataa wewe?"

"Ningekataa, ningekula kwa nani? Mke wangu ndiye anayebeba hiyo ndoo."

Hakuna aliyecheka. Neno likishatoka halirudi, mkutano ukavunjika.

Sijutii, Mama. Bomba lije. Ila inaniuma kwamba watu waliomshinda Mjerumani wamekuja kumalizwa na mimi, mtu wa Kagera, niliyekuja na begi moja.

Msalimie baba mdogo, na shangazi anayesuka mikeka mwambie wangu bado nausubiri. Jirani yetu wa migombani naye mpe salamu, hata kama bado mmenuniana.

Nilishaikunja karatasi, nimeikunjua. Asubuhi hii nimekutana na Mzee Nandonde njiani. Nikapiga goti, nikamwambia, "Shikamoo, babu." Akasimama, akanitazama, akapita. Tangu nizaliwe sijawahi kunyimwa marahaba. Kesho nitamwamkia tena, na keshokutwa.

Niombee, Mama.

Ni mimi mwanao,
Koku