Nyati wa Matone Matano

Doto, mtani wangu,

Barua zote tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kuuliza hali ya mwenzako. Yako naijua, kwa hiyo nianze na yangu. Mimi ni mzima. Msimu umefunguliwa, miwa inakatwa, na bado niko hapa Ruhembe, chumba kilekile. Ila kwenye kitanda chako sasa naweka ndoo na mapanga. Usikasirike. Nilijaribu kukiacha kitupu, nikashindwa kukitazama.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea kwenye mchezo wetu, na hapa kambini hakuna wa kumweleza akanielewa. Nikiwaambia kwamba nimekosa raha kwa ajili ya kadi ya kwenye simu, wataniambia nikapimwe malaria.

Wamempandisha bei Nyati, Doto. Alikuwa wa matone manne, sasa ni wa matano. Apdeti ilikuja na maelezo marefu ya Kiingereza, nikayasoma taratibu, neno kwa neno, kama ulivyokuwa unanilazimisha. Wanasema wanasawazisha mchezo, Nyati alikuwa anashinda kupita kiasi, na wachezaji wamelalamika sana. Nikacheka peke yangu. Kama kuna mtu aliyemlalamikia Nyati hapa duniani, ni mimi, na nilikuwa nakulalamikia wewe, tena ukiwa na ugali mdomoni.

Mambo haya unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaseme, kwa kuwa hunijibu na mimi sipendi kimya. Zamu ya kwanza mchezaji anapewa tone moja la kulipia kadi zake, zamu ya pili matone mawili, na kuendelea. Deki yako, zile kadi thelathini ulizoziita Zizi, uliijenga yote kwa ajili ya zamu ya nne. Unatanguliza ndama wako, watatu au wanne, wanyonge, wa bei rahisi. Halafu zamu ya nne anatua Nyati, na kila mnyama aliye mezani anaongezeka nguvu. Mimi na deki yangu ya Moto nilikuwa nahitaji kufika zamu ya tano ndipo niwachome wote. Siku zote ulinitangulia kwa zamu moja. Ukaniita Mkaguru wa Zamu ya Tano, mpaka wauza vocha wa Kidodi wakawa wananiita hivyohivyo.

Sasa Nyati naye anakuja zamu ya tano, na akifika anakuta ndama wameshaungua. Anasimama pale peke yake kama mgeni aliyekosea nyumba.

Utauliza nimejuaje, maana wewe huchezi tena. Simu yako ninayo mimi. Najua wamekusimulia huko uliko, lakini nikusimulie na mimi. Siku ya kumaliza msiba, kule kwenu Msowero, vitu vyako vilitandazwa mkekani. Baba yako alikuwa hajasema neno tangu tulipokuzika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kichwa tu. Wazee wakanikonyeza: mtani, fanya kazi yako. Doto, tumboni mwangu hapakuwa na utani wowote. Tangu tulipopigiwa simu kwamba pikipiki imeteleza njia ya Mikumi, nilikuwa sijacheka hata kwa bahati mbaya. Lakini wewe Msukuma na mimi Mkaguru, babu zetu walitaniana tangu enzi za misafara, na mtani akikaa kimya msibani ni kama marehemu hakuwa na watu. Basi nikainuka, nikaipokonya simu yako mkekani, nikatangaza kwamba nimeiteka na siitoi mpaka nipewe dume la ng'ombe.

Baba yako akainua uso. Akasema, "Dume langu kwa simu ya Mchina? Kaa nayo, Mkaguru. Ng'ombe ungemla hapahapa." Watu wakacheka. Mama yako alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilizunguka nyuma ya zizi nikalia peke yangu, maana kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Basi kila Jumamosi tukitoka shambani nikawa nakaa mlangoni na simu mbili. Yangu na yako. Nacheza zamu yangu, naigeuza simu kifudifudi gotini, nachukua yako, nacheza kama ambavyo wewe ungecheza. Sikuibi. Na unajua kilichotokea? Ulinishinda. Mara nyingi tu. Umeshazikwa, mkono ni wangu, na bado ulinishinda, Zizi lilikuwa limejengwa vizuri hivyo. Sina haja ya kukuficha, hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu. Nilikuwa nasubiri Jumamosi nije nishindwe na wewe.

Tangu apdeti hii nakushinda kila mchezo. Zamani ningetembea na ushindi mmoja kambi nzima, mpaka wapishi waujue. Sasa nikikushinda nazima simu zote mbili na kwenda kuoga. Nimekukumbuka, Doto. Nilidhani kukumbuka kunapungua kadiri siku zinavyokwenda, kumbe wapi.

Nilijaribu kukujengea upya. Nikatoa ndama wawili, nikaweka Kobe wakulinde mpaka zamu ya tano. Zizi likawa zito, mwanzoni hakuna wa kushambulia. Nikaongeza Fisi wa kushambulia mapema, nikakuta zamu ya nne haina kitu, matone yanakaa bure. Ndipo nilipoelewa ulichokuwa unaniambia, kwamba hakuna kadi inayokaa peke yake kwenye deki. Ukisogeza moja kwa tone moja, walio mbele yake na nyuma yake wote wanakosa pa kukaa. Na kila kadi niliyoitoa niliona kama nakuanulia nguo zako kambani ili nianike zangu. Nikairudisha deki kama ulivyoiacha.

Halafu kukawa na jambo la kumvunja. Walipompunguzia nguvu walitoa ruhusa: atakayemvunja Nyati wake kabla ya Jumapili iliyopita kwisha anarudishiwa vipande vyote vilivyomtengeneza, atengenezee kadi nyingine. Baada ya hapo unapata makombo. Na vile vipande tulivipata sote wawili, unakumbuka, tulipopanda juu ya kichuguu cha nyuma ya kambi kutafuta mtandao, bando linakatika, siafu wanatupanda miguuni, wewe unasema tulia, moja zaidi, moja zaidi. Siku Nyati alipotimia ulimpigia kelele kama amezaliwa mtoto.

Nikaamua havunjwi. Awe bure, awe pambo, abaki alipo. Hilo lilikuwa zizi lako, na mimi ndiye mlinzi.

Nikumbushe pia ulichoniambia waliponipunguzia Moto wangu mwaka ule, nikataka kufuta mchezo kwa hasira. Ulisema, "Baba alilima pamba Shinyanga. Bei zilipoachiwa huru, kila mnunuzi akaja na bei yake. Mzee alilala siku mbili hajala. Ya tatu akaswaga ng'ombe kuja huku. Wewe umepunguziwa kadi moja, unafuta mchezo?" Maneno hayo yalinijia safari hii pia. Nikajifanya sijayasikia.

Sasa sikia alichofanya pacha wako.

Kulwa anapika wali na maharage pale Ruaha, anawauzia wakata miwa. Alikuja Jumamosi moja kuomba aangalie picha zako, akanikuta mlangoni na simu mbili. Akauliza, "Mkaguru, unacheza na nani?" Nikasema, na Doto. Nilijiandaa achekelee. Hakucheka. Alikaa chini, akakunja kanga yake vizuri, akasema, "Nifundishe."

Doto, mliumbwa tumbo moja kweli. Jumamosi ya pili alikuwa hasomi tena maandishi ya kadi. Akawa anakuja kila akimaliza biashara, anashika simu yako, mimi nashika yangu. Nilikuwa namshinda kama ninavyokushinda, Nyati akichelewa vilevile, naye kila anaposhindwa ananiuliza, "Kwa nini hatumwondoi huyu?" Namjibu, huyo haguswi. Jumamosi iliyopita akaomba aende na simu yako Ruaha, akajifunze. Nikampa. Nikamwonya kuhusu Nyati, akaitikia, "Nimesikia, kaka." Sikujua kwamba kusikia ni kitu kimoja na kukubali ni kingine.

Leo amerudi nayo. Nimefungua Zizi, Nyati hayumo.

Nikamuuliza, umemvunja? Akasema, "Nimemvunja." Kwa vipande vyake ametengeneza kadi mbili za aina ile ya bwawa la kunyweshea, tuliyokuwa tunaiita Lambo. Matone matatu tu, na kila zamu inawanywesha wanyama wako na kuwaponya majeraha ya moto. Sikuangalia hata inavyofanya kazi. Nilipandisha hasira. Nilimwambia maneno ambayo dada wa marehemu haambiwi. Kwamba kadi ile haikuwa yake, nilikuwa namtunzia mwenyewe, na yeye amekuja na mikono yake ya kupikia akaharibu kitu pekee cha Doto kilichobaki kama kilivyokuwa.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Athumani, kwetu ng'ombe akizeeka hatumpigi picha. Tunauza, tunanunua mtamba. Doto angekuwa hai, Nyati asingelala zizini siku ya apdeti ile, na wewe unajua. Mimi nimekaa naye tumboni. Sijawahi kumwona ametulia mahali pamoja. Wewe umemfunga kamba. Maji yameshamwagika, chukua simu yako ucheze."

Nilicheza kwa hasira. Nilitaka kumwonyesha. Zamu ya tatu akaweka Lambo. Zamu ya tano nikashusha moto wote niliokuwa nao, na nikangoja ndama wafe. Hawakufa. Walibaki na uhai kidogokidogo, zamu iliyofuata wakanywa maji, wakasimama. Sikuwa na kadi nyingine mkononi. Nilimwangalia Kulwa, yeye haniangalii, anahesabu matone kwa kugusa kidole gumba kwenye vidole vingine, mdomo umekunjwa. Ndama wakanijia wote kwa pamoja.

Kwenye kioo changu pakaandikwa jina lako. Simu ni yako, Doto, jina ni lako, hatukuwahi kulibadilisha. Doto ameshinda. Sikuwa nimeyaona maneno hayo tangu apdeti. Nikabaki nimeshika simu, machozi yananidondokea gotini na siyazuii, na pacha wako naye kaegemea mlango analia bila sauti. Nilimwomba radhi. Akasema tusiongee sana, wali wake umebaki Ruaha na jirani.

Lakini kabla hajainuka akabonyeza kitu, na kioo changu kikawaka tena. Kwa Kiingereza chao kile kifupi: Doto anaomba mcheze tena.

Mtani wangu, nimeyasoma neno kwa neno. Nimebonyeza kukubali.

Pumzika kwa amani, Doto. Simu yako nimemwachia pacha wako, ndiyo mahali pake, na dume lenu la ng'ombe nimelisamehe. Nakuahidi jambo moja. Apdeti ijayo, wakimpunguzia nguvu yeyote, hata ndama wako wa kwanza, sitasimama mlangoni kumzuia. Na Moto wangu nitauvunja wote niujenge upya, kwa sababu hukupenda kuachiwa ushindi. Nitakutafuta kila Jumamosi, nikushinde kwa haki au nishindwe.

Ni mimi mtani wako,
Athumani