Sauti Nyuma, Sura Mbele

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Nimefika na pumba za mpunga kwenye nywele. Mwalimu Selestini, injinia mstaafu anayetufundisha kwaya, kaanza tena na Urusi yake. Alisoma huko ujanani, tunaoteseka ni sisi. Leo ilikuwa zamu ya Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi. Katuwekea wimbo wao kwenye simu. Unaanza taratibu kama watu wanaosindikiza maiti, halafu unachemka. Mzuri. Imeniudhi kwamba ni mzuri.

Anasema matajiri wa Urusi zamani waliwaita wawaimbie karamuni. Mgeni akiingia, kwaya inaimba jina lake, analetewa kinywaji kwenye sinia, na wimbo haukomi mpaka amalize glasi. Matajiri walilia machozi. Karamu ikiisha, waimbaji wanarudi kuwa watu wa ovyo. Alipofika hapo Mwalimu naye akafuta macho.

Anataka tumpokee hivyo mgeni rasmi, sikukuu ya somo wa parokia. Kwa soda. Nilidhani kwaya ni ya Mungu.

Alhamisi, 12 Juni

Kuanzisha wimbo kapewa Konsolata. Sawa kabisa, ananizidi sauti. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapo Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi.

Mzee Deusi, mwenyekiti wa kamati, kaingia katikati ya mazoezi. Kasema mgeni hawezi kupokelewa na mkimbizi. Huyu huyu alilia kama mtoto Konsolata alipoimba kwenye mazishi ya mkewe. Akaleta dawa yake: Konsolata aimbie nyuma kabisa. Mbele asimame Irene, mpwa wake, ashike sinia na maiki iliyozimwa, afungue mdomo tu.

Nikamtazama Mwalimu. Yeye aliyewalilia Waroma.

"Kama mzee anavyoona," kasema.

Nawadharau wote wawili. Rozari imenishinda leo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemfuata Konsolata anakoanika mpunga. Nikamwambia agome, tuone Irene atatoa sauti gani. Alisikiliza huku anageuza mpunga kwa mguu.

"Nikigoma, dada, watasema si mnaona, wa kuja hao. Nimebatizwa hapa. Nikitoka nimewaachia."

Nikavua kandambili, nikageuza naye. Jioni mazoezi. Irene anafungua na kufunga mdomo kama kambale kwenye tope. Mzee Deusi anapiga makofi.

Jumapili, 29 Juni

Mgeni rasmi hakuja. Wanakujaga lini? Katuma mwakilishi. Kamati wamejua asubuhi, wakanyamaza. Kwaya tumekaririshwa jina la mgeni rasmi: Patrisi, Patrisi.

Gari likafika. Konsolata, nyuma ya mabesi, wanaume warefu wa sauti nzito, haoni kitu. Akaanza: karibu Patrisi. Irene mdomo wazi, sinia mbele. Yule baba mwakilishi akatabasamu, hakugusa soda. Jina si lake, atakunywaje? Na tumefundishwa wimbo haukomi mpaka anywe. Tukazunguka. Tukazunguka tena. Mwalimu anatoka jasho, mikono haijui ishara ya kusimamisha. Mzee Deusi anamkonyeza mgeni anywe. Irene kachoka, kafunga mdomo. Sauti ikaendelea bila yeye. Watu wakaanza kucheka.

Hapo Konsolata akapenya katikati ya mabesi, anaimba vile vile, akaenda mpaka mbele. Akamsogelea yule baba, akatega sikio. Akageuka na kuimba: karibu Onesmo. Tukamfuata. Baba kanywa yote. Parokia nzima imeona sauti inatoka wapi.

Chakula, meza kuu: Mzee Deusi, Mwalimu, Irene. Mwakilishi aliuliza yule mama mwimbaji yuko wapi. Mzee Deusi kamjibu anapumzika. Alikuwa huku nyuma na sisi, kwenye masufuria, anakula ukoko. Wali wa kamati ulishaisha.

Jumatatu, 30 Juni

Mwalimu kaja kwangu. Mzee Deusi anataka Konsolata aombe radhi, kavunja utaratibu. Eti nimfikishie. Nimemwambia ana miguu. Chai sikumpa. Mungu atanisamehe hiyo, si kubwa.

Jumanne, 1 Julai

Mazoezi. Konsolata kaja mapema, kasimama mstari wa mbele. Radhi hajaomba. Nikasimama kando yake. Mzee Deusi alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

Mwalimu alimwangalia yeye, akamwangalia Konsolata. Akashusha macho, akatoa noti ya kuanzia wimbo.

Hakumrudisha nyuma. Sijamwamini bado. Tuliimba Utuhurumie, polepole.