Simfonia Bila Mama

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na wapwa zangu. Je, mgongo wa shemeji umepata nafuu? Mimi huku ni mzima. Kikohozi kimekwisha, na sasa nikikosea kwenye zumari sina cha kusingizia. Mama anakusalimu sana. Ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Ulishasikia kwamba okestra yetu ilikuwa inarekodi. Mwongozaji wetu alichagua zile simfonia kubwa za karne ya kumi na tisa, zenye majonzi na mapenzi mazito, ambazo kwa kawaida hupigwa na umati hadi jukwaa likafurika. Yeye akataka tuzipige sisi wachache, watu wasiojaza hata basi moja. Alisema muziki ule umevishwa makoti mengi mno, naye anataka kusikia mifupa yake. Mpiga ngoma, ambaye unajua alivyokonda, akamwambia basi aanze na yeye. Tulicheka sana. Tukahamia kwenye ukumbi wa shule iliyofungwa kwa likizo, tukatundika mablanketi madirishani kuzuia kelele za magari.

Katika okestra kubwa, dada, mtu akikosea humezwa na wenzake. Kwetu hapakuwa na pa kujificha. Viola, zile fidla zenye sauti nzito, zilikuwa tatu tu, na moja ilikuwa ya Mama.

Tulipofika sehemu ya taratibu, pale viola zinapobaki karibu peke yake, Mama alianza vizuri, kisha akaurudia mstari uliokwisha kupigwa. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Fundi wa sauti akasimamisha mitambo. Tukaanza upya, ikawa vilevile. Jirani yake, yule binti aliyemfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo, akawa anamwonyesha mahali kwa ncha ya upinde, na Mama akamshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyempisha mlangoni.

Mwongozaji aliniita kwenye korido, macho yamemjaa machozi. Alisema Mama ndiye aliyempokea katika okestra hii wakati hakuna aliyemtaka, hana moyo wa kumwambia aache, akaniomba nimsemee. Nilishindwa, dada. Nilimwambia Mama kwamba sehemu yake imekwisha kurekodiwa, apumzike. Akaifuta viola yake, akaifunga, akaniuliza kama baba ameshapata chakula. Baba yetu, dada, tuliyemzika sisi wenyewe.

Tukarekodi upya na viola mbili.

Wiki hii rekodi imetoka, nikamletea nyumbani. Alikaa sebuleni, mikono juu ya magoti. Viola zilipoingia nikamwambia, "Unasikia, Mama? Huyo ni wewe."

Alisikiliza mpaka sehemu ile ikaisha. Kisha akasema, "Mwanangu, mengi yananitoka siku hizi. Lakini mkono wangu naujua. Huyo si mimi."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Akanishika kiganja, akaniambia nisilie, kwani huyo binti anapiga vizuri na hajamwangusha. Halafu akaniomba nirudishe mwanzo, tukasikiliza tena, tukiwa tumeshikana mikono.

Aliniomba nisikuambie, eti una mambo yako mengi, nami nikamwahidi. Nimevunja ahadi hiyo leo. Daktari ametuambia wazi kwamba ugonjwa huu wa kusahau hauna kurudi nyuma. Kuna asubuhi ananikaribisha kama fundi wa bomba, ananionyesha jikoni panapovuja, nami nafungua kabati na kujifanya natazama. Mimi nimeshaanza kumtoka. Jina lako bado analo. Njoo, dada, njoo angali analo.

Nisalimie shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba ya mjomba wao. Mama yuko chumbani, anapiga viola yake polepole. Anaurudia mstari uleule, na mimi simkatizi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda