Kiboko Kilichopiga Kiatu

Jumapili, 5 Mei 1974

Balsall Heath, Birmingham. Mei ya ishirini na tatu tangu niondoke Mombasa. Nilifika hapa na miaka arobaini na minne. Sasa sitini na saba.

Chai. Mkate wa jana. Kurasa chache za historia ya Warumi, kisha macho yakachoka.

Saidi kaja kama kila Jumapili, kaja na wembe wake. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, siwezi kujinyoa. Yeye mikono yake haijawahi kutetemeka. Alikuwa saisi Nairobi, akilisha na kusugua farasi wa Wazungu, na asubuhi akiwakimbiza kabla jua halijawa kali. Mimi nilikuwa mkalimani wa wasimamizi wa mbio palepale uwanjani. Alikuja Uingereza na farasi wa tajiri wake. Tajiri akafa, farasi wakauzwa, Saidi akabaki. Sasa anafagia mabehewa ya treni kwenye karakana ya Tyseley na analala chumba kimoja Erdington, upande wa pili wa mji.

Ananinyoa, tunakunywa chai, tunakwenda kwa Maalim Hamadi. Hiyo ndiyo Jumapili yangu. Siku sita nyingine sina la kuandika.

Mpwa wangu Fadhili ameniwekea chumba Mombasa, hatua chache na msikiti. Nimemwambia nitarudi Desemba. Nimesema hivyo na moyo umetulia.

Jumamosi, 11 Mei

Mbio za shambani, nje ya mji. Hizi si mbio za leseni. Hakuna mizani ya kupimia wapandaji, hakuna wasimamizi. Mzungu mmoja na ubao wa chaki, kamba, tope.

Hidaya ni farasi jike wetu sisi wanne: mimi, Saidi, Maalim Hamadi na Karisa. Tulimnunua kwa kuchanga, mwaka juzi. Mwekundu, paji jeupe. Maalim haweki dau. Anasema kushindanisha farasi ni halali, dau ndilo haramu. Karisa ni Mkristo wa Malindi, anasema basi dhambi zote abebeshwe yeye. Saidi ndiye mpandaji. Ana miaka hamsini na uzito wa mtoto.

Maalim alikuwa amewaleta wenzake wa kiwandani, Wahindi wawili na Mwairishi mmoja, waje waone farasi wa Waswahili akishinda.

Nilisimama kwenye kona ya mwisho. Nilisimama kwenye kona za mwisho miaka kumi na miwili kule Nairobi. Hidaya alikuja wa kwanza, masikio mbele, hajachoka. Hatamu zilikuwa zimezungushwa mara mbili kwenye kiganja cha Saidi. Alikuwa amekaa, hakuinama. Mkono wa kiboko ulikuwa unapanda na kushuka, kwa mbali ungedhani anachapa. Kiboko kilipiga kiatu. Kiatu chake mwenyewe. Farasi hakuguswa hata mara moja.

Tukawa wa tatu. Farasi wa Mzungu mmoja mwenye zizi kubwa akashinda.

Sikumwambia mtu.

Jumapili, 12 Mei

Saidi kaja na wembe. Kaninyoa. Mikono yake imetulia kama siku zote. Hakusema, sikusema. Kwa Maalim sikwenda, nilisema nina kifua. Sina kifua.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Sijala sawasawa. Nimeudhika naye kuliko nilivyodhani ningeudhika. Si kwa kushindwa. Ni kwa yule mnyama aliyekuja na masikio mbele, anataka kwenda, akashikwa.

Jumapili, 19 Mei

Karisa kalisikia kazini. Yeye naye yuko Tyseley, na farasi wa shambani huzungumzwa sana kule. Wanasema Hidaya alishikwa, alizuiwa makusudi asishinde.

Tulikuwa sebuleni kwa Maalim, wanne, kahawa mezani. Karisa kaanza kwa mzaha, kama kawaida yake. Kasema, Saidi bwana, siku hizi unachapa viatu, hao mafundi wa viatu wamekuajiri? Hakuna aliyecheka. Maalim akanigeukia mimi.

“Mzee Athumani, wewe ulikuwa konani. Uliona nini?”

Ningeweza kusema macho yangu mabovu. Ni mabovu kweli. Nikasema nilichokiona: hatamu mara mbili, kiboko kiatuni.

Saidi hakubisha. Kaweka kikombe chini. Kasema yule mwenye zizi alimwahidi kazi, akishindwa siku ile. Kazi ya zizini na chumba juu ya farasi. Si pesa, kazi.

“Nimefagia mabehewa miaka tisa, Maalim. Nilitaka kuamka nisikie farasi.”

Karisa akamuuliza, basi kazi iko wapi? Saidi akasema yule Mzungu amekana. Amesema hamjui.

Maalim alikuwa amekwisha badilika uso. Kasema, “Umenifanya nichekwe na wenzangu wa kiwandani.” Kisha akasema atengwe. Karisa akaitikia kwa kichwa. Saidi akasimama, akatafuta kofia yake, ilikuwa kichwani.

Kwetu mtu akiwakosea watu hutengwa. Haalikwi, haendewi, sahani yake haiwekwi. Salamu yake hujibiwa kwa sababu ni wajibu, basi hapo hapo mdomo unafungwa. Sikuwahi kuliona jambo hili hapa Birmingham. Nilidhani tuliliacha bandarini.

Jumanne, 21 Mei

Nafikiria kesi za Nairobi. Mpandaji Mzungu alimshika farasi wake, niliona kwa macho yangu na wasimamizi waliona. Wakamsimamisha mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha akarudi, wakampa chai. Kesi ileile, saisi aliyejua na asiseme alifukuzwa. Hakuambiwa mpaka lini. Nilimtafsiria mimi: “Usionekane tena hapa.” Aliniuliza, hata kupita njiani? Wasimamizi wakasema swali lake halina maana.

Yule wa kwanza alipewa adhabu. Huyu wa pili alipewa kitu kingine, sina jina lake. Adhabu ina mlango wa kutokea.

Jumapili, 26 Mei

Nimejinyoa mwenyewe. Nimejikata mara tatu.

Kwa Maalim. Nimewaambia: Saidi amekosa na anastahili adhabu, sitaki asamehewe kama mtoto. Hatapanda tena farasi wetu, hiyo nakubali. Lakini kutengwa mpaka lini?

Maalim kasema kwetu hatuweki tarehe. Kweli. Kwetu hakuna haja. Mtu hukutana na watu kisimani, msibani, arusini, na siku moja mzee wa mtaa humwendea, humshika mkono, humleta. Asiyeshikwa mkono haji. Hiyo ndiyo desturi, na inakwenda yenyewe kwa sababu mtaa upo. Hapa Saidi yuko Erdington, sisi huku. Hatakutana na mtu kisimani.

Karisa kasema, “Mzee, leo usitupe Kiswahili cha mahakamani. Tumeibiwa.”

Aliyemaliza mambo ni Bi Zuhura, mke wa Maalim. Alikuwa jikoni anasikia yote. Katoka na mwiko mkononi.

“Baba Asha, mtu akitengwa kwetu, mama yake bado anampikia. Huyu nani atampikia? Semeni siku, au mimi nampelekea chakula leo leo.”

 Kisha wakakubali: mpaka Idi, mwisho wa Ramadhani. Siku ya Idi ataletwa. Karisa ndiye aliyekwenda kumwambia. Anasema Saidi alishukuru.

Na mimi nimo ndani ya hukumu. Nilishuhudia, nikadai tarehe, siwezi kujitoa. Nami sitamwendea.

Jumapili, 16 Juni

Hakuna mtu. Nimetengeneza chai ya watu wawili kwa mazoea. Nimekunywa yote.

Alhamisi, 27 Juni

Nimepanda basi kutoka mjini. Saidi alikuwa amekaa nyuma. Kaniona. Hakunisalimu, asije akanipa kazi ya kujibu. Kituo kilichofuata akashuka, na nyumbani kwake ni mbali sana kutoka pale. Nimemwona dirishani akitembea kwenye mvua, mabega yake madogo.

Anaitumikia adhabu kwa uaminifu kuliko alivyompanda Hidaya. Nimeandika hivyo kwa hasira. Naliacha lilivyo.

Jumapili, 14 Julai

Kwa Maalim. Mazungumzo mafupi. Wajukuu wake nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, nikiuliza tena wanadhani mimi ni kiziwi. Karisa hakuja. Hidaya hana mpandaji, anakula bure.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumemuuza Hidaya. Kachukuliwa na mkulima anayetaka farasi wa binti yake. Maalim kafurahi kumaliza. Mimi nilimshika paji. Pumzi yake ya moto kwenye kiganja. Nilitaka kumwambia Saidi kwamba ameenda mahali pema. Hakuna wa kumtuma.

Jumapili, 25 Agosti

Homa siku nne. Mwenye nyumba alibisha mlango mara moja kuuliza kama redio ni yangu. Siku ya tatu nilifikiri: nikifa leo watanijua kwa harufu. Sikuogopa. Niliona aibu.

Fadhili ananikumbusha Desemba. Kule kuna watu.

Jumanne, 17 Septemba

Ramadhani imeingia. Nimefuturu tende tatu na supu ya kopo. Nimesoma mpaka usingizi.

Jumapili, 6 Oktoba

Kwa Maalim, futari. Bi Zuhura kapika mihogo kwa nazi, sijui mihogo kaipata wapi. Nimesema Idi inakaribia. Karisa kasema ndiyo, anangoja biriani, Mkristo na aitwe Mkristo lakini biriani haina dini. Tumecheka. Habari ya Saidi haikutajwa. Nilidhani haina haja, tumekwisha kubaliana.

Alhamisi, 17 Oktoba. Idi

Nimevaa kanzu chini ya koti. Swala, mikono, kukumbatiana. Nilimtafuta Saidi kwa macho. Hakuwapo.

Kwa Maalim mchana. Biriani, kachumbari, watoto na nguo mpya. Karisa ameleta soda. Tumekaa. Pamewekwa sahani tano, na watu wazima tuko wanne pamoja na Bi Zuhura. Nimetazama mlango. Hata nyama ilipoanza kupoa ndipo nikauliza, Saidi yuko wapi?

Maalim kasema, “Leo ndiyo tarehe yenu. Mlango uko wazi. Hatujamzuia.”

Nikasema tulisema ataletwa.

“Na nani?”

Hapo ndipo nilipoliona kosa letu. Tuliweka tarehe. Hatukumtaja wa kwenda. Kwetu hatajwi, kila mtu anamjua mzee wa mtaa ni nani. Mimi nilidhani ni Maalim, kwa kuwa yeye ndiye aliyetamka. Karisa alidhani ni mimi, kwa umri. Maalim kasema mkosaji ndiye anayekuja, yeye ndiye aliyeaibishwa, hawezi kwenda Erdington kumbembeleza aliyemwaibisha. Karisa kasema angekuwa na gari angekwenda. Kisha akaongeza wali.

Nimesimama. Maalim kasema, Mzee Athumani, kaa ule, utakwenda kesho. Nikamwambia kesho si tarehe. Tulimpa mtu adhabu yenye siku, na akaitumikia yote. Ikizidi kwa siku moja hatukumhukumu, tumemdhulumu. Hili nililiona Nairobi kila mwezi na nikalitafsiri kwa lugha safi. Leo silitafsiri.

 Bi Zuhura kanipa sahani iliyofungwa kwa kitambaa. Kasema, “Mwambie imetoka kwa shemeji yake.”

Mabasi mawili mpaka Erdington. Sahani mapajani, watu wananusa.

Mlango wake haukuwa umekomewa. Saidi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kanzu nyeupe, kofia, amenyoa. Viatu amevaa, kamba amefunga. Alikuwa hivyo tangu alfajiri. Hakwenda kuswali kwa sababu hakujua mtu atapitia njia gani, alihofu wapishane. Mchana ukapita, akakaa. Jua likaelekea kuzama, akakaa.

Nikamshika mkono. Ndiyo desturi, basi nikaifanya. Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

“Nilidhani tarehe ni ya mchezo,” kasema.

Nikamwambia ale. Amekula yote, nimemtazama.

Hatukurudi kwa Maalim. Muda ulikuwa umekwenda, na Saidi hakutaka, na mimi sikutaka. Alinipeleka mpaka kituoni, akangoja basi nami.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua nyembamba tangu asubuhi.

Saidi kaja. Chai, mazungumzo kidogo ya Hidaya. Ameuliza binti wa mkulima ni mzito au mwepesi. Nimesema mwepesi. Amefurahi.

Maalim atakuja kupoa, ni mtu mwema, na Karisa hajawahi kukasirika wiki mbili. Lakini nimewaona mezani. Wote wema, na wote wamekaa. Mimi nikiondoka Desemba, Saidi akikosea tena, au akiugua, au akifa tu kama watu wanavyokufa, kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda. Naye atakuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa.

Nilimfikiria Fadhili, na chumba, na adhana ya karibu. Nilikitaka kile chumba. Bado nakitaka.

Nimemwandikia amkodishie mtu mwingine. Mombasa sirudi.