Joachim Hakunibeba

Iyunga, Mbeya
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Bertha,

Kamwene! Mwaonaje hali huko Tanga? Miguu yako inasemaje, na wajukuu wanakuacha upumzike? Huku baridi ya Juni imetukalia kooni, lakini tunaamka.

Usishangae mwandiko. Nilivunjika mikono yote miwili, hapa kwenye vifundo. Nimepasuliwa na kuwekewa vyuma. Mahogo ya plasta wameyatoa mwezi uliopita, sasa nafanya mazoezi hospitalini: kukunja, kukunjua, kufinya mpira. Vidole vimeanza kunitii, ila sufuria bado siwezi kuinjika. Tusekile, mwalimu mwenzangu, ndiye anayenilisha, ananisuka, hata chooni alinisaidia. Na wala si ndugu yangu.

Najua mdogo wangu Joachim alikupigia, na najua alichokuambia. Sasa nisikilize na mimi.

Kweli nilikuwa nyuma ya pikipiki yake, tunarudi Ruaha Mbuyuni kutoka msibani. Alikuwa amekunywa. Nilimwambia apunguze mwendo, akacheka. Kwenye kona tukaserereka, nikatanguliza mikono. Yeye aliinuka mzima. Akaitazama mikono yangu ilivyopinda, akasema, "Ngoja nilete gari." Akaondoka.

Hakurudi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Walioniokota ni mtu na mkewe waliopakia nyanya kwenye gari lao. Walishusha matenga yao barabarani ili nipate pa kulala, wakanifikisha hospitali Iringa. Majina yao siyajui hadi leo. Joachim alikuwa nyumbani amejifunika blanketi, anaogopa kuulizwa habari za pombe.

Hayo ningeyameza, Shangazi. Woga ni woga. Lakini Jumapili ya kwanza baada ya mimi kuruhusiwa, aliomba kutoa shukrani kanisani. Akasimama mbele, akasimulia alivyonibeba mgongoni, damu yangu ikimtiririka shingoni, huku akiimba ili nisizimie. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nimekaa palepale, mikono kifuani, siwezi hata kujifuta machozi. Watu wakadhani ni ya furaha.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza mbele ya mama, "Joachim, ulinibeba wapi?"

Akainama. Mama ndiye aliyejibu: "Lusia mwanangu, mifupa yako itaunga. Jina la mwenzako likivunjika, nani ataliunga? Si unajua anaoa Desemba?"

Kumbe alijua! Alijua tangu siku ileile. Alimpashia maji ya kuoga, akanyamaza. Joachim nilimwonea hasira. Mama alinikata maini. Kesho yake nikarudi Mbeya.

Sasa wananitumia ujumbe nimsindikize bibi harusi. Nimekataa. Nilimwambia Joachim sitaki msamaha wa kunong'onezana jikoni. Asimame pale aliposimama, aseme hakunibeba, nami nitacheza harusini kwake kuliko wote. Akalia. Mama akamnyang'anya simu, akasema nikithubutu kulisema hilo kanisani nisimwite mama tena.

Shangazi, watakutuma utusuluhishe. Nakuomba usikubali. Nimeshazungumza na mchungaji wa huko nyumbani, amenipa nafasi mwezi ujao baada ya ibada.

Nisalimie mjomba Sosthenes, Esta na watoto wake wote. Mungu akulinde utokapo na uingiapo. Na ukiongea na wifi yako, mwambie nitakuja, na nitamwita mama.

Nikupendaye kwa moyo wote,
binti wa kaka yako,
Lusia